Kutawakali si Kukaa Kitako



Mvua za masika ya mwaka 2024 ziliua katika Kenya watu zaidi ya 250. Jijini Nairobi, Mto Mathare ulifurika usiku, hata watu wakapanda juu ya mapaa kujiokoa. Kisha serikali iliwapa wakaao kingoni mwa mito muda wa saa 48 wahame, na matingatinga yakavunja nyumba.

Sisi wa Kangeta tusidhani kuwa hayo si yetu. Miraa yetu hushuka kila siku mpaka Eastleigh, ng'ambo ya mto huo huo, na vijana wetu wamepanga vyumba huko.

Wako wasemao, "Ni kudura ya Mungu," kisha wakakaa kitako. Kudura ni haki, na asiyeiamini hana imani. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyemwamrisha Nabii Nuhu kuunda jahazi kabla ya gharika, na Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kutegemea bila ya kufunga ni uvivu uliovikwa kanzu ya dini.

Mvua yatoka kwa Mungu. Ama kujenga juu ya mkondo, kutupa taka mitaroni, na kufunika ardhi kwa saruji hata isinywe maji, hayo ni kazi ya mikono yetu. Na moshi wa mafuta na makaa umeizidisha dunia joto, na hewa ya joto hubeba maji mengi zaidi.

Mafakihi wetu wa Kishafii waliijua harimu ya mto, yaani ukingo usiomilikiwa na mtu. Walikataza kujenga humo, ujapokuwa msikiti, na kilichojengwa huvunjwa. Basi mwenye kupokea kodi ya chumba kilicho ndani ya harimu hiyo ajiulize: ala nini, na mpangaji wake alala wapi maji yajapo? Wala haitoshi kumfukuza maskini. Yapasa aonyeshwe pa kuhamia.

Na tuanzie kwetu: mitaro ya soko la Kangeta izibuliwe kabla ya mvua, si baada yake. Kuondoa lenye kudhuru njiani ni tawi la imani.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.