Amana ya Picha

Picha za harusi ni amana ya wote waonekanao ndani yake, na miongoni mwao wamo wasioweza tena kusema neno. Kwa hiyo mtu atoaye video katika diski iliyochomwa nyumbani, ili aihariri upya, hana budi kujiuliza kabla ya kushika mkasi: ana ruhusa ya kukata kiasi gani?

Diski za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Diski ya kuchoma yenye tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, na video hukaa humo katika mafaili ya VOB, imebanwa kwa njia ya MPEG-2. Ayanakiliye mafaili hayo kama yalivyo hapotezi kitu. Azibanaye picha upya hupunguza uangavu wake, na hasara hiyo hairudi. Tena, rangi ihifadhiyo picha katika diski hizo hufifia kwa joto na mwanga. Diski nyingi za filamu za madukani zimetiwa kufuli ya siri. Diski ya nyumbani haina. Kufuli yake ni dhamiri.

Chukua mfano wa ndugu wawili waliogombana. Mkubwa anayo diski ya harusi yake, iliyotolewa katika mkanda wa zamani ambao umekwisha kuliwa na ukungu. Anataka kumfuta mdogo wake, aliyekuwa mpambe wake siku ile. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Lakini nyuma ya bega la mpambe amesimama mama yao, ambaye sasa ni marehemu, akipiga vigelegele. Akimkata ndugu, amemkata na mama.

Atasema kuwa diski ni mali yake. Ni kweli, lakini hata mwenye shamba hana ruhusa ya kufukua kaburi lililomo. Atasema pia kuwa mpigapicha naye alichagua pa kuelekeza kamera. Hoja hii ina nguvu, ila kuchagua cha kuonyesha ni haki ya msimulizi, na kuteketeza kilichobaki ni dhuluma.

Basi nakala kamili ihifadhiwe kwanza bila kuguswa, kisha nakala ya pili ihaririwe apendavyo mwenyewe. Hasira ya leo ipewe nakala yake. Watoto watakaozaliwa baada ya ugomvi kwisha wana haki ya kumwona baba yao mdogo kando ya bwana harusi, na bibi yao akishangilia.