Haki ya Njia Mlangoni mwa Msikiti

Vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa vina milango ya udhu, ya sala ya msafiri, ya deni na rehani. Kijana anaweza kuimaliza yote na kusifiwa na walimu wake, kisha Ijumaa akaja mbio na pikipiki, akaiegemeza kwenye kizingiti cha nyumba ya watu na kuingia msikitini kuwahi safu ya mbele. Ukimuuliza, atakwambia mambo ya kuegesha ni ya manispaa na polisi. Mimi nasema ni mambo ya dini, tena ya ile sehemu ya dini ambayo msamaha wake ni mgumu kuupata.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Karakana yangu iko Miembeni, Unguja, na baada ya magharibi hukaa darasa msikitini, kwa hivyo jambo hili nalijua kwa spana na kwa kitabu. Nyingi ya pikipiki zinazoletwa kwangu na mkono wa klachi uliokatika au kioo kilichovunjika hazikuanguka zikiwa mwendoni. Zimeanguka zimesimama, mwenyewe hayupo. Stendi imezama mchangani, au mtu mwenye mzigo amepita akaigusa, au ya jirani imelala ikaivuta. Na kuna habari nyingine ambayo spana haiitengenezi: mtoto amepita ubavuni mwa pikipiki iliyotoka kuzimwa, muundi ukagusa ekzosi. Kovu lake hubaki miaka, na katika mitaa yetu makovu hayo si haba.

Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya injini. Zipo njia ambazo mtu akinyoosha mikono anakaribia kuzigusa kuta zote mbili, na zipo ambazo wawili wenye vikapu hawapishani bila kuombana radhi. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni huja kuzipiga picha njia hizo. Sisi wenyeji tunapita nazo na jeneza.

Ijumaa moja maiti alisaliwa baada ya sala ya Ijumaa. Jeneza likatoka msikitini mabegani, watu wakipokezana kama ilivyo ada, kila mmoja anataka thawabu ya hatua zake chache. Halikufika mbali, likasimama. Pande zote mbili za njia zilikuwa na pikipiki na vespa zimeegemezwa ukutani, na katikati imebaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Zote zimefungwa usukani. Wazee wakaliteremsha jeneza hadi kiunoni, vijana wakaanza kuzinyanyua pikipiki moja moja. Nyingi zina zaidi ya kilo 100, na pikipiki iliyofungwa usukani haiendi unakotaka. Inabebwa kama ilivyo. Mzee mmoja aliyeshika mti wa mbele akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hizi za nani, jamani?”

Zilikuwa za watu waliokuja kuzika.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloleta swali. Aliyeegesha pale amedhulumu saa ngapi? Alipoizima pikipiki yake njia ilikuwa tupu, hakumziba mtu. Njia ilipozibika, yeye alikuwa ndani anasikiliza hotuba, moyo umetulia. Tumezoea kuipima dhambi kwa lile ambalo mkono unalifanya wakati ule ule: umepiga, umeiba, umesengenya. Lakini chombo ulichokiacha njiani kinaendelea kutenda kwa niaba yako. Kinamzuia mpita njia kwa niaba yako na kinamuunguza mtoto kwa niaba yako, nawe huna habari. Mafaqihi walilijua hilo zamani, walipomtaka mtu aliyemfunga mnyama mahali pasipostahili ajibu kwa alichokivunja mnyama yule, ingawa mwenyewe hakuwapo.

Tena hawakuligusa kwa juu juu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana sehemu nzima katika Ihya Ulum al-Din juu ya maovu ya njiani. Anayataja mambo ambayo leo tungeyaita ya mipango miji: kujenga vibaraza vinavyoingia njiani, kutoa roshani nje, kurundika kuni na magunia ya nafaka. Na anataja kumfunga mnyama njiani hata njia ikabana na wapitao wakachafuka. Kwake hilo ni ovu la kukatazwa, isipokuwa kwa kadiri ya haja ya kupanda na kushuka. Msingi wake ni kwamba njia ni manufaa ya wote, na hakuna mtu wa kujitengea sehemu yake zaidi ya haja. Weka pikipiki mahali pa mnyama, huna haja ya kubadilisha kitu kingine.

Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa pwani hii tumelelewa na Minhaj yake, amekwenda mbali zaidi kwa vipimo. Roshani inayotokeza juu ya njia ni lazima inyanyuliwe kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima, na kama njia ni ya misafara, basi apite ngamia na kilichofungwa juu ya mgongo wake. Jambo hilo limenifikirisha sana. Fakihi amekaa na kitabu, anampigia hesabu ngamia ambaye bado hajafika, wa mtu asiyemjua. Huko kumfikiria asiyekuwapo ndiko kunakotupotea tunapoteremsha stendi na kuondoka.

Kuna wanaoshikilia hoja ya kuwahi. “Nimefika mwanzo, pahala pangu.” Hoja hiyo ina asili katika sheria. Aliyekaa mahali pa umma, akainuka kwa haja kisha akarudi, ana haki zaidi ya mahali pale, na mafaqihi wameyajadili kwa mapana makao ya wafanyabiashara sokoni kwa msingi huo. Lakini kuwahi kunakupa haki mbele ya anayetaka mahali pale pale. Hakukupi haki juu ya anayetaka kupita tu. Na kuwahi ni kwa aliyepo. Anayeweka mawe na makreti ya soda mbele ya duka lake tangu alfajiri, ili pikipiki yake ya saa nne ipate pa kusimama, hajawahi kitu. Amehodhi mali ya umma. Nalisema hili wazi kwa sababu limeenea, na wanaolifanya ni watu wema wanaoswali.

Pia sipendi ukali wa wale wanaotaka kila pikipiki ifukuzwe vichochoroni. Anayeleta mtungi wa gesi kwa bibi mgonjwa, anayepeleka mikate madukani, anayemshusha mjamzito mlangoni kwake, hao wana haja, na haja yao ni ileile aliyoisamehe Ghazali: mzigo hukaa njiani kwa kadiri ya kuuingiza ndani. Kadiri hiyo ikiisha, ruhusa nayo imekwisha. Ukimaliza kuushusha mtungi, usikae kunywa kahawa huku pikipiki imekatiza njia.

Masahaba walipoambiwa waache kukaa njiani walieleza kwamba hawana budi, kwani ndipo wanapozungumza mambo yao. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwafukuza. Aliwaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Nimezifikiria haki hizo sana nikiwa karakanani. Mtu aliyekaa barazani anaweza kuzitekeleza zote. Pikipiki haina macho ya kuinamisha wala ulimi wa kurudisha salamu. Imebakiwa na moja tu, kuzuia udhia, nayo haiwezi kuitekeleza yenyewe ila ifanyiwe na mwenyewe kabla hajaondoka. Dakika ile ya kuteremsha stendi ndiyo nafasi pekee uliyonayo.

Basi niseme yale ambayo fundi anayajua. Stendi ya pembeni ya pikipiki karibu zote iko kushoto, kwa hivyo pikipiki hulalia kushoto. Zikipangwa katika maegesho zote zimeelekea upande mmoja, zinalala sambamba na nafasi haipotei. Mmoja akija akaigeuza yake kinyume, hiyo na ya jirani zinaweza kuinamiana, usukani ukaingia katika kioo cha mwenziwe, na anayetaka kutoka mwanzo hana njia ila kukwaruza. Ikianguka moja, mstari mzima unafuata. Kwa hivyo aliyefika mwanzo ndiye anayeamua utaratibu, na wanaomfuata wamfuate hata kama wao wangependa vingine. Ingiza gurudumu la nyuma ukingoni ili utoke kwa kwenda mbele, unawaona wapitao. Acha upana wa mtu kati yako na jirani. Atakuja amevaa kanzu, pengine na mtoto mkononi.

Kwenye mchanga, au kwenye lami iliyolainika kwa jua la saa saba, tia kipande cha ubao au jiwe bapa chini ya stendi. Kwenye mteremko, pua iangalie juu na gia iwe ya kwanza. Pikipiki nyingi za hapa ekzosi yake iko kulia. Ukilazimika kusimama kando ya ukuta, ukuta uwe kulia kwako, ili bomba la moto liangalie mawe na lisiangalie miguu ya watoto. Pikipiki italalia kidogo upande wa njia, ni kweli, lakini upana wa kiganja si sawa na kovu la moto. Kwenye maegesho ya magari usijipenyeze mahali ambapo mlango wa gari utafunguka, na usilitwae peke yako egesho zima la gari ikiwa pikipiki tatu zinaenea hapo. Na mteremko uliojengwa mlangoni mwa hospitali au ofisi kwa ajili ya kiti cha magurudumu, pikipiki moja inatosha kuufunga kabisa. Hapo hakuna haja inayokuhalalishia, hata ya dakika moja.

Usukani nao una maneno. Wenye pikipiki hunijibu kwamba bila kufunga wataibiwa, na wananikumbusha yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu. Ni kweli, na wizi upo, nimewatengenezea wengi kufuli zilizovunjwa. Lakini yule mtu aliambiwa amfunge ngamia, hakuambiwa amfunge mlangoni mwa watu. Unapofunga usukani unawaambia wote kwamba mahali hapa hapatabadilika mpaka nirudi. Ukiwa kwenye maegesho, una haki ya kusema hivyo. Ukiwa kichochoroni, huna. Anayeogopa mwizi aiache pikipiki mahali penye nafasi na mlinzi, aifunge atakavyo.

Darasani vijana huuliza kama sala ya mtu huyu imesihi. Kwa madhehebu yetu hata anayeswali kwenye ardhi aliyoipora sala yake inasihi na dhambi ya uporaji inabaki, wakati Imamu Ahmad, kwa kauli mashuhuri, anaona haisihi. Huyu wetu ardhi anayoswalia ni ya msikiti. Iliyopora ni pikipiki yake huko nje. Kwa hivyo sala yake imesihi, sina shaka. Ninaloliona gumu ni linalofuata.

Wanazuoni wanatufundisha kwamba haki za Mungu zimejengwa juu ya msamaha, na haki za waja zimejengwa juu ya kudaiana. Ukimdhulumu mtu, toba yako haikamiliki mpaka umrudishie au akusamehe. Sasa, aliyeziba njia amemdhulumu nani? Mama aliyeshuka kwenye maji ya mtaro kwa kukosa pa kupita, kipofu anayepapasa ukuta akakuta chuma, mgonjwa aliyecheleweshwa, jeneza. Hakuwaona, hawajui majina, hatawakuta. Ana wadai asioweza kuwatafuta, nao pengine hawajui kwamba wanamdai. Mwizi wa kuku ana nafasi nzuri zaidi ya kutubia, kwa sababu anamjua mwenye kuku. Kwa wadai wasiojulikana wanazuoni wanashauri kuwatolea sadaka na kuwaombea dua, nami nashauri hivyo hivyo, lakini hakuna mwenye akili atakayeliona hilo kuwa sawa na kutokuwa na deni.

Kuondoa udhia njiani kumehesabiwa kuwa ni tawi la imani, na hilo husemwa mimbarini mara kwa mara, mfano ukiwa mwiba au mfupa. Mahatibu wetu, nawaombeni mwiba muuweke pembeni kwa muda, muitaje pikipiki kwa jina lake. Kamati za misikiti zipige mstari wa rangi nje ya msikiti unaoonyesha wapi pasimame kitu na wapi pasisimame, na ziwaweke vijana wawili kila Ijumaa wawaelekeze watu kabla ya adhana. Wasingoje hotuba ianze. Wakati huo kusema hakufai.

Nawe mwenye pikipiki, kila hatua ya kuendea sala ina malipo, na unaishindania nafasi ya karibu ili hatua zipungue. Ijumaa ijayo iache Darajani kwenye maegesho, panapo nafasi, ufunge usukani wako kwa raha, na utembee.