Begi la Mtu wa Tatu

Begi langu nililinunua Gikomba kwa shilingi 1,800, wiki moja kabla ya kuingia chuo. Lilikuwa refu na zito, lina tairi mbili, mpini wa kuvuta na mifuko miwili mirefu ubavuni ambayo hata muuzaji hakujua ni ya nini. "Weka mwavuli, kastoma," akaniambia. Ndani kulikuwa na jina la mtoto, limeandikwa kwa wino mzito.

Baadaye nikaja kujua ni begi la besiboli. Ile mifuko mirefu ni ya magongo, ili yasigongane na helmeti na glavu. Kulabu mbili za juu ni za kulitundika kwenye ua wa wavu, pale wachezaji wanaposubiri zamu yao. Hata viatu vina chumba chao chenye matundu ya hewa. Kuna mtu alikaa chini akamfikiria huyo mtoto vizuri sana.

Ila begi kama hili haliwezi kukupa kila kitu. Kitambaa kizito hakichaniki upesi, lakini unavuta uzito wake hata likiwa tupu. Tairi kubwa hupita kwenye nyasi na kokoto, lakini zinakula nafasi ya ndani. Ndogo ni nyepesi, na kijiwe kimoja tu kinazisimamisha. Mpini unaokoa mgongo, halafu ukipinda kidogo unakwama. Mwenye kulibuni anachagua nani atapata shida, na wapi.

Langu lilidumu semista tatu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nikiwa na deni la karo na hamu imeisha, nililivuta kutoka hosteli hadi stejini kwenye barabara ya vumbi na mawe. Tairi ya kushoto ikaanza kulia, kisha ikagoma kabisa. Nikampelekea fundi wa viatu na mabegi pale mtaani. Akaligeuza, akapitisha kidole chini.

"Kijana, hii haina nati. Imepigwa ribiti. Nikiing'oa, navunja mpaka pale inapokaa."

Kitambaa kilikuwa kizima, zipu zote zinafanya kazi. Begi imara limeshindwa na kitairi kimoja.

Nilimlaani aliyelitengeneza, lakini nikifikiria vizuri, hakuwa mjinga. Nati hulegea kwa mtikisiko. Ribiti hukaa. Kwa mtoto anayeshushwa na gari la mzazi na kuvuta begi kwenye lami hadi uwanjani, ribiti ni uamuzi wa busara. Hata historia iko upande wake. Mmarekani Bernard Sadow alipata wazo la kuweka tairi kwenye sanduku mwaka wa 1970, akiwa uwanja wa ndege, akitoka likizo, na hataza akapewa 1972. Mwaka wa 1987 rubani Robert Plath akalifanya livutwe likiwa wima. Hizi tairi zilizaliwa juu ya sakafu laini. Barabara yangu haikuwa kwenye hesabu.

Sasa, mbunifu ana deni kwa nani? Kwa yule aliyelipa bei kamili dukani tu, au pia kwangu mimi, mtu wa pili, ambaye hatakaa anione? Jibu rahisi ni kwamba hakuniahidi chochote. Kwa muda mrefu niliona hilo jibu linatosha.

Halafu mwezi jana nikapungukiwa na pesa ya nyumba. Nikalipiga begi picha upande wa kulia, nikaandika: "Begi imara, 1,500." Msichana wa mwaka wa kwanza akanitumia meseji: "Bro, tairi zote ziko sawa?"

Usiku mzima sikumjibu. Nilikuwa na sababu zangu nzuri tu, kama vile yule mbunifu alivyokuwa na zake. Mwenye nyumba hangojei. Begi lenyewe ni zima. Na huyu msichana simjui.

Hapo ndipo jibu langu rahisi lilipokwama. Kusema kitu ni imara ni kusema kitabaki baada ya wewe kumalizana nacho. Na kikibaki, kitakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Huwezi kuuza uimara halafu ushangae kwamba kuna mtu wa pili, na wa tatu. Ulishawahesabu ulipotaja bei. Mbunifu angeweza kusema hakuniona. Mimi namba ya huyu msichana ilikuwa kwenye simu yangu.

Asubuhi nikamtumia picha ya upande wa kushoto, na maneno ya fundi vile alivyoyasema. Akakaa kimya saa nzima, kisha akaandika: "700."

Tulikutana stejini. Alijaribu kulivuta mara moja, tairi ikakwaruza lami, akacheka. Akafungua mkanda wa begani ambao mimi sikuwahi kuutumia, akalipachika mgongoni, akavuka barabara.

Kodi ya nyumba bado ilikuwa na pengo la 800.