Je, Ni Dhambi Kulilia Sufuria?



Mwaka jana mama mmoja wa kanisa letu alisimama katika maombi ya wamama, akaanza kutaja vitu alivyoviacha ng'ambo ya ziwa siku ya kukimbia. Hakutaja nyumba wala shamba. Alitaja sufuria, akalia. Sisi watumishi tuliokuwapo tulimkatiza upesi. Tulimkumbusha Mhubiri na neno lake la ubatili, tukaanzisha wimbo, mama akaketi. Tangu siku ile hatujapata raha, maana hatuna hakika kama jibu lile lilitoka kwa Mungu au lilitoka katika uchovu wetu.

Basi tunauliza: mtu aliyeokoka akipenda chombo cha nyumbani mwake, je, ameipenda dunia?

Msaada wa kulifikiri swali hili tuliupata mahali ambapo hatukutazamia. Katika sanduku la vitabu vya msaada mlikuwa na kitabu cha picha zilizochorwa Ulaya kwa rangi ya mafuta, katika karne ya 17 na ya 18. Katika nyingi hamna mtu. Mna mkate, kisu, samaki, bilauri, chungu, basi, tena vimechorwa vile vile vilivyo, hata ufa na kutu. Wenzetu waliosoma Kifaransa watalijua jina lake, nature morte, kana kwamba vitu hivyo vimekufa. Waholanzi wao husema stilleven, yaani uhai uliotulia. Sisi tunaona Waholanzi wamesema vizuri zaidi.

Kuna jambo hapa linalotugusa wakimbizi. Mwaka 1585 jeshi la mfalme wa Hispania liliuteka mji wa Antwerp, na Waprotestanti wakapewa miaka 4 ya kuchagua: warudi katika dini ya mfalme au waondoke. Wengi waliondoka kwenda kaskazini, katika miji ya Uholanzi, na Antwerp ikapoteza karibu nusu ya watu wake. Kati ya waliokwenda walikuwamo wachoraji na watoto wao. Ambrosius Bosschaert, aliyezaliwa Antwerp mwaka 1573, alikulia Middelburg kwa sababu hiyo, akawa mmoja wa waanzilishi wa uchoraji wa maua na vyombo katika nchi ile.

Katika mji wa Haarlem alikuwako Pieter Claesz, naye mzaliwa wa karibu na Antwerp. Picha yake moja ya mwaka 1630 ina fuvu la kichwa, saa ya mfukoni na bilauri iliyolala upande. Picha za namna hiyo ziliitwa vanitas, neno la Kilatini lililotoka katika kitabu kile kile cha Mhubiri tulichomsomea yule mama! Mchoraji alikuwa anahubiri: vitu vinapita, nawe unapita. Lakini Claesz huyo huyo alichora pia meza ya mtu wa kawaida, samaki mmoja, mkate mmoja, glasi ya bia, kwa rangi chache za kijivu na kahawia, na pale hamna fuvu. Tumeitazama sana picha hiyo. Haihukumu mkate.

Tuseme kweli, si kila picha ya vyombo ni nyoofu. Walikuwako matajiri waliotaka kuonyeshwa fedha yao na vyombo vya kauri vya China, na wachoraji hodari kama Willem Kalf wakawachorea. Hiyo ni tamaa iliyotiwa fremu.

Mtu aliyetufundisha zaidi ni Jean Siméon Chardin wa Paris, mtoto wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1699. Chuo cha wachoraji cha mfalme kilimpokea mwaka 1728. Wakati ule wakubwa wa sanaa walikuwa wamepanga picha kwa madaraja. Juu kabisa waliweka vita, wafalme na habari za Biblia, na chini kabisa vitu visivyo na uhai. Chardin alikaa sana huko chini. Karibu mwaka 1734 alichora pipa la shaba la kuwekea maji ya nyumbani, lenye bomba dogo, na ndoo kando yake. Picha yenyewe ni ndogo, haifikii urefu wa rula ya shule, na leo imo katika jumba la Louvre. Mwaka 1735 mke wake alifariki. Vyombo vya nyumba vilipoandikwa katika orodha baada ya msiba, pipa la shaba lilikuwamo.

Sisi tunajua orodha. Kila mmoja wetu anayo moyoni.

Sasa, Chardin alipokaa siku nyingi mbele ya pipa lile, alikuwa akilitamani? Lilikuwa lake tayari. Mwenye tamaa hakitazami kitu sana. Akishakipata macho yake yanakimbilia kingine. Anayetazama kweli anaona pale mkono uliposhika kila siku hadi shaba ikang'aa. Anawaona waliokunywa. Kwa hiyo tunadhani Mhubiri alikemea moyo unaotaka vitu vimwokoe mtu, wala hakukemea jicho linalovikumbuka.

Wazee wengine watasema tunafungua mlango wa sanamu. Tunawaheshimu, lakini hatujaona mtu akisujudia sufuria. Tena mtume Paulo, aliyehesabu yote kuwa hasara, alipokuwa kifungoni alimwagiza Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo. Alikumbuka joho, mahali lilipo, na mtu aliyenalo. Hakuna aliyemwanzishia wimbo.

Mwezi uliopita tulikwenda nyumbani kwa yule mama, tukamwomba radhi, tukamwuliza habari za sufuria yake. Alishangaa kidogo, kisha akatueleza. Ilikuwa kubwa, ya kutosha watu 10. Ilibonyea ubavuni kwa sababu mtoto wake wa kwanza aliipiga kama ngoma. Kifuniko chake hakikuwa chake, kilitoka kwa sufuria ya mama mkwe. Siku ile ilikuwa jikoni na maharage ndani, moto unawaka, na hadi leo hajui ni nani aliyeiipua.