Nyumba ya Kupangisha na Haki ya Mpangaji

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tunduma ni mji wa mpaka katika mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA na njia kuu ya malori hupita hapo, na kila ashukaye ataka pa kulala. Kwa sababu hiyo wako watu wa pwani watamanio kupeleka akiba zao huko, wapate nyumba za kupangisha. Jambo hili ni halali. Lakini lina milango mitatu, na kila mlango una hesabu yake.

Mlango wa kwanza ni kununua. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mnunuzi hupata haki ya kuitumia, si zaidi. Basi atoaye mali yake kwa maneno ya dalali, asiitazame hati wala asiulize ofisi ya ardhi, amejitia katika gharari, na gharari imekatazwa.

Mlango wa pili ni fedha. Mkopo wa riba haujuzu, hata nyumba ikiwa nzuri namna gani. Tangu mwaka 2011 iko Benki ya Amana, ya kwanza Tanzania kuendeshwa yote kwa sharia. Lakini jina peke yake halitoshi popote: katika murabaha sharti muuzaji aimiliki nyumba na kuikabidhi kwanza, ndipo aiuze kwa faida ijulikanayo. Akitoa fedha tu akaandika "nimeuza", hiyo ni riba iliyovikwa kanzu.

Mlango wa tatu, nao ndio wasahauliwao na wengi, ni mpangaji. Mtu amepokea kodi ya mwaka mzima mbele. Masika ya Songwe yaanza mwezi wa Novemba, paa lavuja, watoto wa mpangaji walala wamekaa. Mwenye nyumba yuko Tanga, ajibu, "Fedha nimekwisha kuijengea." Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kutengeneza paa si juu ya mpangaji. Asipotengeneza mwenyewe, mpangaji ana khiyari ya kuvunja ijara, na kodi ya miezi asiyokaa hurudishwa. Kodi ile ni thamani ya manfaa. Manfaa yakikosekana, mwenye nyumba ala haki ya mwenziwe.

Enyi Waislamu, andikeni mapatano: muda, ujira, na mashahidi. Wala msipangishe nyumba kwa muuza pombe, ijapokuwa azidisha kodi. Na iogopeni dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Nayo yapaa kutoka Tunduma kama ipaavyo kutoka pwani.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali. Amin.