Nguo za Mgonjwa wa Akili

Katika sura ya nane ya Injili ya Mtakatifu Luka twasoma habari za mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyekaa siku nyingi makaburini bila nguo. Bwana wetu alipomponya, watu wa mji walimkuta ametulia, tena amevaa. Nguo zile zilitoka kwa nani? Injili haisemi; sisi twadhani mmoja wa wafuasi alivua joho lake.

Katika mji wa York, Uingereza, William Tuke na wenzake wa madhehebu ya Quaker walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1796, zamani zile ambapo wengi wa namna hiyo walitiwa minyororo. Wagonjwa walialikwa kunywa chai pamoja na wasimamizi, na kila mmoja alivaa nguo zake zilizo nzuri kuliko zote. Hawakuwa wa Kanisa letu, lakini jema ni jema. Tena mwaka 1959, huko California, Marekani, wanawake wenye ujuzi wa mitindo ya mavazi waliwaendea wagonjwa wanawake wa hospitali ya Napa, wakawafundisha kujipamba.

Faida yake haimo katika kitambaa. Mgonjwa hospitalini huvishwa, hachagui. Lakini watu wazima wachache wakiketi pamoja, huyu akipiga pasi, yule akimwuliza mwenziwe, “Rangi hii yanifaa?”, basi aliyenyamaza miezi mingi huwa na la kujibu. Dawa za daktari hazina budi kuendelea. Sindano na uzi si badala yake.

Nasi twakiri kosa. Siku moja tulipeleka wodini mtumba wa nguo kuukuu, tukazigawa kama mtu atupiavyo kuku pumba. Mama mmoja akarudisha gauni, akisema halina vifungo. Tulimwona mkaidi, kumbe alikuwa akijiheshimu. Juma lililofuata tulirudi na vifungo vinne. Akavishona mwenyewe, mwuguzi akiwa karibu. Wenzake wawili wakaja kutazama, na mmoja akaomba sindano.

Enyi wazazi, pengine mnaye ndugu kama huyo katika chumba cha uani, amevaa kanga iliyokwisha kwa kuwa “hajui kitu.” Mpelekeni kwa fundi cherehani, apimwe pamoja nanyi. Akitaka nyekundu, apewe nyekundu. Na Jumapili aketi kanisani katika benchi lenu, si nyuma ya nguzo.