Lenzi Jichoni, Maji Usoni

Kilombero ni bonde la mpunga, na mpunga una ukali wake. Jani likimpiga mvunaji jichoni, kornea huchubuka. Baadhi ya michubuko daktari huifunika kwa lenzi laini, bandeji inayopitisha mwanga. Wapo pia ambao kornea zao zimechongoka kama pia, miwani haiwafai tena. Hao hupewa lenzi ngumu, machozi yakajaza nafasi iliyo chini yake na mwanga ukapita pasipo kupindapinda. Daktari Adolf Fick aliwafikiria wagonjwa wa namna hii alipobuni lenzi zake huko Zurich mwaka 1888.

Mgonjwa akiwa Mwislamu, anatoka hospitali na swali. Rangi ya kucha huzuia udhu kwa kuwa maji hayafiki kwenye kucha. Je, lenzi?

Swali si dogo, maana maji yanayomtoharisha ndiyo yanayomhatarisha. Kijidudu kiitwacho akanthamiba huishi kisimani, mtoni, hata bombani. Kikinaswa chini ya lenzi huweza kuila kornea mpaka mtu akapofuka.

Mafakihi walilijibu kabla lenzi hazijakuwapo. Katika Muwatta ya Imam Malik imesimuliwa kwamba Abdullah bin Umar, akioga janaba, alinyunyiza maji machoni. Wanazuoni wengi hawakumfuata. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani na bara kwetu, ndani ya jicho hakuwajibiki kuoshwa, si katika udhu wala katika josho. Basi lenzi haifuniki chochote kilichopaswa kufikiwa na maji, na hoja ya rangi ya kucha inaanguka.

Wako wanaohisi kwamba wepesi huu unapunguza ucha Mungu. Wamekosea. Aya ya 6 ya Sura al-Maida, ileile inayoamrisha udhu, inamtaja mgonjwa na kumpa tayamamu; udhuru umewekwa ndani ya amri yenyewe.

Kwa hiyo, wewe mwenye lenzi ya kuvua na kuvaa, ivue kabla ya kuoga, na usiioshe kwa maji ya bomba. Mwenye lenzi ya bandeji asiivue kwa ajili ya swala: afumbe macho atawadhe. Daktari akikataza maji yasiguse jicho kabisa, mgonjwa amwone shehe amfundishe tayamamu.